Mgeni kazuiwa, biashara ya barazani bado haina anwani

Tangu Julai 28, 2025 Serikali ya Tanzania ilipotangaza amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, vijiwe vya kahawa vya Mtwara na Lindi vina jibu moja kwa kila kijana anayelalamika hana kazi: fungua biashara, njia sasa nyeupe. Orodha yenyewe inavutia kuisoma. Yamo maduka ya rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, usafi wa majumbani na maofisini, kuongoza watalii, udalali wa nyumba, viwanda vidogo, na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni atakayekaidi anakabiliwa na faini isiyopungua Sh10 milioni au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa vibali vyake vya kuwapo nchini. Raia atakayemkingia kifua anaweza kutozwa Sh5 milioni au kufungwa miezi mitatu. Kwa mtu aliyeketi kijiweni na kikombe chake hesabu inaonekana nyepesi: mgeni katolewa, nafasi yake ni yetu.

Nadhani amri hii tumeisoma vibaya, na gharama ya kuisoma vibaya itawaangukia wale wale tunaowapongeza. Amri inasema nani asipewe leseni. Haisemi lolote kuhusu mwanamke anayekaanga vitumbua barazani kwake Chikongola, au anayebangua korosho uani Mingoyo, ataipataje leseni hiyo. Katika mikoa yetu hii miwili, kilichomzuia mtu wa namna hiyo hakijawahi kuwa Mchina wala Mhindi. Kinachomzuia ni utaratibu wa leseni uliokatwa kwa kipimo cha fremu ya duka, na yeye fremu hana. Mwondoe mgeni leo, mwondoe hata jirani yake anayeshindana naye kwa vitumbua, bado siku atakapokwenda halmashauri ataulizwa swali lile lile: biashara iko wapi?

Ni haki kukumbuka amri ilikotokea. Kelele zake zilianzia Kariakoo, Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara walilalamika kwa muda mrefu kwamba wageni wanaingia nchini kama wawekezaji kisha wanauza soksi na vyombo vya plastiki kwa rejareja, bega kwa bega na machinga. Malalamiko yale yalikuwa na msingi, na nchi inayo haki ya kuwatengea watu wake kazi za mtaji mdogo, hata kama Kenya ilinuna na kukumbusha mambo ya soko la pamoja la Afrika Mashariki. Lakini Kariakoo si Mtwara. Mgeni tunayemfahamu huku ni mnunuzi wa korosho ghafi anayezipeleka India na Vietnam, naye hununua kwa mnada kupitia vyama vikuu vya ushirika, si kwa kuzunguka na kikapu. Saluni za Ligula na Mtanda zinaendeshwa na mabinti wa hapa hapa. Ukitaka kujua amri imebadilisha nini katika uchumi wa nyumba za kusini, itabidi utafute sana.

Kuna kipengele kimoja tu kinachotugusa moja kwa moja, nacho ndicho kinachoweza kuwaingiza watu matatani. Nacho ni ununuzi wa mazao shambani. Nimeshasikia mtu akisema kwamba kwa kuwa wageni wamezuiwa, sasa mzawa anaruhusiwa kuzunguka vijijini kununua korosho kwa mkulima. Jambo hilo halipo. Korosho zimo ndani ya stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007, na kuna Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, mzigo unakwenda ghalani, kisha mnadani. Anayenunua pembeni kwa kopo, kwa bei ya mtu mwenye shida, tunamwita mtu wa kangomba, na kangomba ni kosa hata kama mnunuzi amezaliwa Tandahimba na babu yake kazikwa Newala. Ufuta wa Lindi nao umeingizwa kwenye utaratibu wa minada. Mama anayebangua nyumbani, akiwa na nia njema kabisa ya kuongeza thamani kama viongozi wanavyohubiri, akinunua debe la korosho ghafi kwa shemeji yake bila kupitia utaratibu, hakuna kifungu katika amri ya Julai kitakachomtetea. Mbanguaji anatakiwa ajitambulishe kwa Bodi ya Korosho, ambayo makao yake makuu yako papa hapa Mtwara, kabla hajawasha moto.

Tuingie kwenye leseni yenyewe. Sheria inayoitawala ni ya zamani, Sheria ya Leseni za Biashara namba 25 ya mwaka 1972, na amri ya 2025 imetoka humo humo. Leseni ziko makundi mawili. Kundi A, zenye sura ya kitaifa na kimataifa, hutolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Kundi B hutolewa na halmashauri, na biashara karibu zote za nyumbani zinaangukia huko. Hadi hapo hakuna ugumu. Ugumu unaanza pale ambapo mtaani tumeyachanganya makaratasi manne na kuyaita yote leseni. Kuna TIN, nambari ya mlipakodi, ambayo TRA, mamlaka ya mapato, huitoa bure kwa mwenye nambari ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kuna usajili wa jina la biashara kwa BRELA, Sh15,000 kusajili na Sh5,000 kila mwaka kulitunza. Na hapa wengi hawajui kwamba ukifanya biashara kwa jina lako halisi, bila kuliongezea chochote, sheria haikulazimishi kusajili jina. Ukitaka kuitwa "Kusini Vitafunwa", hapo ndipo unapokwenda BRELA. Kuna leseni yenyewe, inayodumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Halafu kuna vibali vinavyofuata aina ya kitu unachouza: afya kwa mpika chakula, TBS, shirika la viwango, kwa anayefungasha, Bodi kwa mbangua korosho.

Makaratasi haya yana milango tofauti, ada tofauti na maswali tofauti. Mtu akikwama kwenye mmoja hurudi nyumbani akisema "leseni imekataa". Anayemsaidia mara nyingi ni kijana wa steshenari, kwa sababu BRELA iko mtandaoni, TIN iko mtandaoni, na leseni ya halmashauri siku hizi huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Kijana anajaza, anachapisha namba ya malipo, anachukua ujira wake. Mara nyingine anajaza jina la biashara lisilohitajika, au anachagua aina ya biashara iliyo juu mno kwa sababu ndiyo aliyoizoea, na mama analipa ada ya mtu mwingine. Simlaumu kijana. Yeye ndiye afisa biashara pekee ambaye watu wengi wa mitaa yetu wamewahi kuketi naye meza moja.

Sasa fremu. Ombi la leseni linataka TIN, kitambulisho, uthibitisho wa kodi kutoka TRA, na ushahidi wa mahali pa biashara: mkataba wa pango au hati ya umiliki. Kwa mwenye duka, mkataba wa pango ni karatasi ya kawaida. Kwa anayefanyia kazi nyumbani, mara nyingi ni karatasi isiyokuwepo. Nyumba ni ya marehemu baba na mirathi haijafunguliwa. Au ni ya mume, yuko baharini. Au ni chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba hakuwahi kukiandikia mkataba, achilia mbali kukubali kiandikwe cha biashara. Au ni ya urithi Mikindani, nyumba ya mawe ya zamani ambayo ndugu kumi na wawili wana haki nayo na hakuna mmoja mwenye sahihi inayotosha. Hata mwenye hati safi anaweza kukuta imeandikwa matumizi ya makazi, na hapo afisa ana sababu ya kusita.

Na fremu huku kusini ina historia yake. Wakati wa homa ya gesi, miaka ya 2011 hadi 2013, kodi za pango Mtwara mjini zilipanda kama maji ya bamvua; nyumba ziliandaliwa kwa wageni waliotarajiwa, fremu zikajengwa mbele ya kila ua. Vurugu za 2013 za kupinga gesi kuondolewa zikaja, bomba la gesi likaenda Dar es Salaam na kuzinduliwa 2015, wageni wengi wakaondoka, na fremu nyingi zikabaki na kufuli. Mwaka 2018 ikaja korosho, msimu ambao minada ilisimama na Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, fedha zikachelewa kufika mifukoni kwa watu. Aliyekuwa na duka alijifunza somo moja katika miaka ile: pango hudaiwa hata mwezi ambao hujauza. Wengi walihamishia biashara barazani na wakakaa huko huko. Siku hizi malori ya makaa ya mawe yanapoteremka kuelekea bandarini, madereva wanakula kwenye vibanda na nyua za watu, na senti inazunguka tena, lakini aliyeungua na pango hana haraka ya kurudi kwenye fremu. Huo si uzembe wala kukimbia sheria. Ni hesabu.

Nimeiona hesabu hiyo kwa karibu mara moja tu, nayo inatosha. Jirani yangu, mama wa makamo, anatengeneza vitumbua na sambusa. Analoweka mchele jioni, anasaga alfajiri, na ifikapo saa 12 kikaango chake chenye mashimo saba kimeshageuzwa mara nyingi kiasi kwamba iliki inaingia chumbani kwangu dirishani. Shule fulani ilitaka awapelekee chai na vitafunwa siku za mikutano, ila ikamwambia alete leseni. Nikamsindikiza ofisini, kwenye halmashauri moja ya huku kusini. Kijana wa mapokezi alimwamkia vizuri, shikamoo mama, akapitia karatasi zake, akauliza, "Mama, fremu yako ipo mtaa gani?" Akajibu, "Mwanangu, mimi napikia nyumbani." Yule kijana akatabasamu kwa huruma na kumrudishia bahasha. "Basi mama ukipata fremu utarudi." Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Alikuwa anasoma fomu, na fomu ilikuwa na mstari usiojazika.

Wapo wanaosema afadhali iwe hivyo. Hoja yao inayosikika zaidi ni kwamba leseni ndiyo inayomleta mtu wa kodi. Kaa kimya, uza vitumbua vyako, usijiandikishe popote, hawatakujua. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inashangaza inavyorudiwa na watu wenye akili zao. Kodi haizaliwi na leseni, inazaliwa na mauzo. Kwa utaratibu wa makadirio uliowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayavuki Sh4 milioni hadaiwi kodi ya mapato. Akivuka hapo lakini asifike Sh7 milioni, mambo mawili yanaweza kutokea. Asiyetunza kumbukumbu anatozwa Sh100,000 kwa mkupuo. Anayetunza kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni nne. Mchukulie mtu anayeuza vitumbua 70 kwa siku, kwa Sh200 kimoja, siku sita za wiki. Hiyo ni Sh14,000 kwa siku, Sh4,368,000 kwa mwaka. Mwenye daftari atadaiwa Sh11,040. Asiye na daftari, Sh100,000. Tofauti ya karibu Sh89,000 inatengenezwa na daftari la kurasa mia na kalamu. Anayemshauri mwenzake ajifiche anamshauri alipe mara tisa siku atakapoonekana, maana kuonekana ataonekana. Karai la mafuta ya moto halifichiki.

Hesabu hiyo hiyo, hata hivyo, inafichua jambo ambalo watetezi wa mfumo hawapendi kulisema. Milioni nne ni mauzo, si faida. Zigawe kwa siku 365 unapata kama Sh11,000 kwa siku, ambayo ni vitumbua 55. Ukitoa mchele, nazi, mafuta, sukari na mkaa, mtu anayeuza vitumbua 55 anabakiwa na kitu kidogo sana, na tayari yuko ukingoni mwa kuitwa mlipakodi. Kile kiwango hakikuguswa wakati bei za unga na mafuta ya kula zikipanda, kwa hiyo kila mwaka kinawameza watu walio maskini zaidi. Nitakubali hoja hii kwa mikono miwili. Ila dawa yake ni kupandisha kiwango, si kuwafundisha watu kukwepa macho.

Na tunajua kukwepa macho kulikuwa na bei gani. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali, Sh20,000 kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka. Kilikuwa kitu kizuri kwa nia: mgambo waache kuwakimbiza watu. Lakini tazama tena. Mtu ambaye kisheria hakudaiwa kodi ya mapato hata senti alilipa elfu ishirini ili aachwe. Wengi walikitundika shingoni wakiamini ni leseni, na walipokipeleka benki au kwenye ofisi iliyotaka leseni, waliambiwa hicho ni kingine. Baadaye vikaja vitambulisho vipya vya kidijitali, na mkanganyiko ukaendelea kwa sura mpya. Kila baada ya miaka kadhaa tunabuni karatasi ya kumsaidia mtu mdogo asihitaji ile karatasi halisi. Swali la kwa nini karatasi halisi haimkai halijaulizwa.

Upande wa pili una hoja yenye uzito zaidi, nayo ni ya halmashauri. Inasema mahali pa biashara panaulizwa kwa sababu. Chakula kikimdhuru mtu, afisa afya lazima ajue aende mlango gani. Na si kila kazi inafaa kufanyika katikati ya makazi. Anayefikiri hili ni urasimu mtupu hajawahi kuishi jirani na anayechoma korosho. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua. Wabanguaji hupaka vidole majivu au mafuta ya kula na bado ngozi inababuka, na moshi wa maganda yakichomwa unawasha macho nyumba tatu kutoka hapo. Mwenye mtoto wa pumu hatajali kwamba biashara ile ni ya mzawa. Kuchomelea vyuma, kupiga rangi magari, kuchoma korosho kwa magunia: kazi hizi kuziuliza ziko wapi, na kuzihamisha ikibidi, ni wajibu wa halmashauri, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lenye ofisi Mtwara na Lindi, iliundwa mwaka 1973 pamoja na mambo mengine kuzipatia kazi kama hizo sehemu.

Lakini hoja hiyo ikishakubaliwa, inapaswa ifuatwe hadi mwisho wake. Kama sababu ya kuuliza mahali ni moshi, mafuta na usalama wa mlaji, basi kitu cha kuchunguzwa ni kazi inayofanyika pale, na mkataba wa pango hauonyeshi moshi. Mama mwenye jokofu moja anayeuza barafu na juisi ya ubuyu, fundi cherehani aliyeko sebuleni, msusi anayesukia chini ya mwembe, hawa hawambughudhi jirani kuliko duka la soda linavyombughudhi. Afisa afya akienda akakagua jiko, akaona maji, choo, na cheti cha mpishi cha kupimwa afya, ameshajua zaidi ya yale ambayo mkataba wa fremu ungemwambia. Na anwani anayo: mtendaji wa mtaa anamjua, balozi wa nyumba kumi anamjua, wateja wanajua njia kwa giza.

Ndiyo maana naona mjadala huu wote wa wageni umetupotezea muda. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inamtambua mtu mwenye mtaji usiozidi Sh5 milioni na wafanyakazi wasiozidi wanne kama mjasiriamali wa ngazi ya chini kabisa. Anatambuliwa kwenye sera, ana kiwango chake kwenye kodi, sasa ametengewa biashara zake kwa amri. Pasipomtambua ni kwenye ule mstari wa fomu. Na bila kuuvuka mstari ule, mambo yanayosemwa kuwa ni yake hayamfikii. Ununuzi wa umma siku hizi unapita mfumo wa NeST, na sheria inataka asilimia 30 ya zabuni itengewe makundi maalumu, wakiwemo wanawake na vijana. Chai ya kikao, sare za shule, usafi wa ofisi, hivi vyote ni vitu vinavyoweza kutoka nyumbani kwa mtu, ila asiye na leseni hana cha kuweka kwenye mfumo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa 2023 na kurudishwa 2024, hupitia zaidi vikundi, na kikundi cha watu ambao biashara zao hazionekani popote kinaanza kikiwa nyuma. Benki nayo inauliza leseni. Anayekosa huko kote anakwenda wapi? Kwa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kali, ambaye hana swali hata moja kuhusu fremu. Anataka picha ya jokofu na televisheni tu.

Kwa anayetaka kuanza sasa, bila kusubiri fomu ibadilike, ningemshauri aanze na vile visivyohitaji fremu. TIN ni bure. Daftari la mauzo lianze siku ya kwanza, hata kama limeandikwa kwa penseli. Mpika chakula akapime afya na amwite afisa afya wa kata mwenyewe, kabla hajaitwa. Anayefungasha korosho zilizobanguliwa za kuuza stendi ya Mkanaledi au pale Mnazi Mmoja ya Lindi mabasi yanaposimama, akitamani siku moja ziingie dukani Dar es Salaam, apitie SIDO kwenda TBS, kwa sababu mjasiriamali mdogo akipelekwa na SIDO hubebewa gharama za upimaji wa mwanzo. Leseni aiombe msimu fedha ikiwepo, Novemba au Desemba minada inapolipa. Kwa kuwa inahesabiwa miezi 12 tangu siku ya kutolewa, atakuwa anaihuisha kila mwaka wakati mtaani kuna pesa, si Aprili watu wanapokopa chumvi.

Kwa halmashauri ninalo ombi moja, na halihitaji Bunge. Barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kwamba fulani anaishi nyumba fulani na anafanyia humo kazi fulani, ikiambatana na ukaguzi wa afisa afya kwa wanaogusa chakula, ipokelewe mahali pa mkataba wa pango kwa kazi zisizo na moshi, kelele wala kemikali. Atakayepinga atasema barua za watendaji zinauzwa. Ni kweli, baadhi zinauzwa. Mikataba ya pango nayo inauzwa, tena waziwazi zaidi, na hilo ndilo lililomkuta jirani yangu.

Maana yule mama alirudi ofisini baada ya wiki tatu, akiwa na mkataba. Mpwawe ana fremu ya vifaa vya simu mbali na kwetu, safari ya bajaji, na alimwandikia karatasi kwamba amempangisha sehemu. Leseni ikatoka bila shida, kijana wa mapokezi akampongeza kwa dhati. Sheria inataka leseni ibandikwe mahali biashara inapofanyika, na kila mahali pawe na leseni yake, kwa hiyo imebandikwa kule, kati ya chaja na kava za simu, ikiwa na jina lake kamili na neno "vitafunwa". Wateja wanaokwenda kwa mpwawe kurekebisha vioo huwa wanauliza sambusa ziko wapi. Yeye bado anakaangia barazani, na sasa hivi, baada ya kufuata kila walichomwambia, ndiyo kwa mara ya kwanza anavunja sheria akiwa na ushahidi wa maandishi.